Umeuza saa ya maelfu ya dola. Ya kuingia nayo Ziwa Kivu uichague vipi?

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwajibu kwa pamoja watu wanaoleta swali moja kwa mafundi saa wa Goma. Mtu ameuza Rolex Submariner au Omega Seamaster, pesa imekwenda kwenye karo na mabati, mkono umebaki mtupu. Sasa anataka saa nyingine ya kuzamia, ya bei ndogo, ya kuogelea nayo ziwani na kupanda nayo boti la Bukavu. Anafungua simu na kuonyesha ile yenye namba kubwa kuliko zote ya kina cha maji: mita 500, mita 1,000. Hapo ndipo anapoanza kupotea.

Namba ya mita ni ahadi ya mipira mipya. Kila saa ya majini ina mpira mwembamba chini ya kifuniko cha mgongo, kizuizi kingine kuzunguka kioo, na vimpira vidogo ndani ya kifundo cha ubavuni, kile unachovuta ukitaka kurekebisha mishale. Vikikauka au vikilala bapa, namba iliyoandikwa usoni haina kazi tena. Kwa hiyo sisi tunasema hivi: saa ya mita 200 ambayo fundi wa hapa anaweza kuifungua, kuibadilishia mpira na kuifunga tena inashinda ya mita 1,000 isiyo na mtu wa kuigusa. Submariner mgongo wake una meno yanayotaka ufunguo wake maalumu, na kampuni haimuuzii vipuri fundi wa pembeni ya barabara. Ndiyo maana wengi walikuwa wakiogelea na saa ya dola elfu nyingi ambayo mpira wake haukuguswa miaka kumi na mitano.

Kabla ya bei, someni uso wa saa. Kanuni ya kimataifa ISO 6425 inataka saa iliyoandikwa DIVER'S ipimwe kwa mgandamizo unaozidi namba yake kwa asilimia 25. Ya mita 200 inabanwa kama iko mita 250. Tena iwe na pete ya juu ya kuhesabu dakika, na isomeke gizani ukiwa umbali wa sentimita 25. Seiko Prospex Turtle na Citizen Promaster zina neno hilo. Casio Duro na Orient Kamasu hazina. Zimeandikwa tu kwamba zinahimili maji ya mita 200. Hiyo haizifanyi mbovu. Kwa kuogelea na kuruka kutoka botini zinatosha na kubaki. Ila mtu wa mtungi wa hewa achague yenye neno.

Mtego mkubwa ni Seiko 5 Sports, aina iliyotoka mwaka 2019. Inafanana na SKX007, saa ya kuzamia iliyotengenezwa kuanzia 1996, kama pacha: umbo lile lile, pete ile ile. Lakini SKX ni ya mita 200 na kifundo chake hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Seiko 5 ni ya mita 100 na kifundo kinasukumwa tu. Kikivutika kidogo kwa ukingo wa mkono wa shati, maji yameingia. Kwenye picha ya simu hutaona tofauti. Iulizeni kwa maneno. Na saa ya bar 3, ile ya “mita 30”, ni ya mvua na kunawa mikono. Mita zile hazina maana ya kushuka mita 30.

Chaguo letu la kwanza kwa mtu asiyetaka usumbufu ni Citizen Promaster BN0150. Inakula mwanga, ikishiba inaweza kukaa gizani karibu miezi sita, na haikosei zaidi ya sekunde 15 kwa mwezi. Mshale wa sekunde ukianza kuruka mbili mbili, haijafa, ina njaa: iweke juani, lakini si juu ya dashibodi ya gari, joto huko linaua mipira. Onyo moja tu. Kile kinachofanana na betri ndani yake ni cha kuchajiwa. Akikuwekea mtu betri ya kawaida mahali pake, itavuja au kupasuka na kuharibu mashine. Mwambie fundi mapema.

Casio Duro ndiyo ya bei ndogo kabisa, chini ya dola 100 kwenye maduka ya nje. Kifundo cha kuzungushwa inacho, mgongo wa kuzungushwa inao, na inatumia betri ya SR626SW, upana milimita 6.8 na unene 2.6. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu Duro nyingi zinakufa kwa kosa hili. Sokoni wanauza karata za betri za AG4, bei ya bure, na zinaingia sawasawa kwenye shimo lile. AG4 ni ya alkali: nguvu yake inashuka polepole kuanzia volti 1.5, na ikichoka inatoa majimaji yanayokula shaba. Ya SR ni ya oksidi ya fedha, inashika volti 1.55 karibu mpaka mwisho. Kosa la pili linatokea dakika hiyo hiyo. Fundi anafungua mgongo, mpira unanyooka au unashikamana na kifuniko, anaurudisha umepinda nje ya mfereji wake, anakaza. Kwa nje saa inaonekana nzima. Utaratibu ni huu: toa mpira kwa kijiti, si kwa ncha ya chuma, futa mfereji, ukiona mpira umepasuka, unanata au umekuwa bapa, weka mwingine wa kipenyo na unene ule ule, upake grisi ya silikoni kidogo tu, ung'ae bila kulowa, ulaze wote ndani ya mfereji ndipo ukaze. Vaselini hapana. Mafuta ya namna hiyo hufanya mipira ya aina fulani ivimbe.

Wale waliozoea mshale unaotembea laini wataka otomatiki, ile isiyo na betri inayojijaza kwa mwendo wa mkono. Orient Kamasu ina kioo cha safaya kisichochubuka ovyo, jambo la maana katika mji wa mawe ya lava. Seiko Turtle ina mashine ya 4R36, ngumu na inayofahamika na mafundi, lakini kioo chake cha kawaida kitapata mikwaruzo. Hapa waliouza saa zao za anasa hushtuka. Submariner inaruhusiwa kukosea sekunde 2 kwa siku. 4R36 kiwandani inaruhusiwa kuwahi hadi sekunde 45 au kuchelewa hadi 35. Ikiwahi sekunde 20 kwa siku si mgonjwa, usiilete ifunguliwe. Submariner mpya inaendelea kutembea kwa saa 70 bila kuvaliwa. Turtle inakaa 41 hivi. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumapili mchana imesimama. Na kama kazi yako ni motari, yaani pikipiki ya abiria, au chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mtikisiko wa barabara zetu siku nzima haupendezi otomatiki yoyote. Chukua ya betri au ya mwanga.

Kuhusu vali ya heliamu, kile kitufe cha pili ubavuni ambacho wauzaji wanakisifia: kazi yake ni kwa wazamiaji wanaoishi siku nyingi ndani ya chumba cha gesi ya heliamu. Goma hatuna. Ni tundu la ziada lenye mpira wa ziada, basi. Mwinuko nao haumdhuru fundi wala saa, ingawa ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya bahari; anayetakiwa kuujua ni mzamiaji, kwa sababu majedwali ya kupanda kutoka kilindini hubadilika kuanzia mita 300 za mwinuko.

Pete ya juu inazunguka upande mmoja tu, kinyume cha mishale, kwa sababu ya usalama: ikigongwa itakuonyesha muda uliotumia kuwa mrefu kuliko ulivyo, haitakudanganya kwamba hewa bado ipo. Majivu ya volkano ndiyo adui yake hapa kwetu. Yanajipenyeza chini ya pete na kusaga. Usiibandue kwa kisu. Iloweshe kwenye maji safi ya vuguvugu, izungushe mle mle majini mara kadhaa, sugua ukingo kwa mswaki mlaini, rudia. Kifundo kiwe kimefungwa muda wote. Na kifundo chenyewe, kabla ya kukaza, kizungushe kwanza kinyumenyume mpaka usikie kimeketi kwenye nyuzi zake, ndipo ugeuze. Kikianza kwa kupinda, nyuzi zinaliwa, na kwa saa ya dola 80 hilo linatosha kuitupa.

Saa nyingi za hapa zinapotea ziwani kwa sababu ya pini ya mkanda, si kwa maji kuingia. Turtle na ndugu zake wana matundu makubwa yaliyotengenezewa pini nene za milimita 2.5. Ukinunua mkanda mpya, mara nyingi unakuja na pini nyembamba. Ncha zinacheza tunduni, na kipigo kimoja cha wimbi kinazitoa. Tunza pini za zamani. Bora zaidi ni mkanda wa nailoni wa kipande kimoja unaopita chini ya pini zote mbili. Pini moja ikikatika, saa inabaki imening'inia mkononi.

Ukinunua iliyotumika, ipashe joto juani mpaka isikie vuguvugu, dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukiona ukungu kwa ndani, unyevu umeshaingia, rudisha. Kioo kikibaki safi, umejua tu kwamba ndani ni pakavu leo. Uzima wa mipira haujaupima bado.

Huo unapimwa kwa pampu ya mkono ya bar 6, chombo cha plastiki chenye maji nusu. Saa inaning'inizwa hewani juu ya maji, pampu inapigwa, wanasubiri dakika chache, saa inashushwa majini, kisha hewa inatolewa taratibu. Mfululizo wa mapovu kutoka sehemu moja ndiyo tundu lenyewe, na saa ivutwe juu papo hapo kabla mgandamizo haujaisha, la sivyo itanyonya maji. Fundi mmoja mmoja hawezi kuinunua pampu hii kwa urahisi. Mafundi wa soko moja wakichanga wanaweza. Nanyi wateja, kila saa inapofunguliwa, hata kwa betri tu, ombeni kusimama pale muione ikishuka majini.

Mafundi saa,
Birere, Goma