Tukibonyeza X programu ifunge, isijifiche

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi gazetini nilitoe hili maana limenikaa rohoni. Nina steshenari hapa Morogoro, kompyuta sita, wateja wangu ni wanafunzi na watu wanaokuja kuprinti au kutuma maombi ya kazi.

Wiki iliyopita kaja mama mmoja, kafungua programu ya meseji kwenye kompyuta namba nne, tukaprinti faili alilotumiwa, akabonyeza ile X ya juu kulia, dirisha likapotea, akalipa kwa simu akaondoka. Kiti hakijapoa kakaa kijana wa chuo. Dakika kumi hazijaisha, kona ya chini inachomoza meseji, mdogo wake yule mama anaulizia majibu ya kipimo na ugonjwa kautaja kwa jina. Kijana muungwana, akageuza uso akaniita. Nikabonyeza kile kimshale kidogo karibu na saa, naikuta programu imekaa mlemle, haijafungwa wala nini, akaunti ya mama iko wazi kama vile mwenyewe bado kakaa hapo.

Sasa yule mama kakosea wapi? Tangu enzi za Windows 95 tunafundishana kwamba X ni kufunga. Kuminimaizi ni ile alama ya kistari, dirisha linashuka chini na unaliona limelala pale. Lakini hizi programu unazifunga kwa mkono wako mwenyewe halafu zinaenda kujificha.

Najua watu watasema ya meseji ikifungwa kabisa hutajua ukipigiwa. Kwa mwenye laptop yake nyumbani ni kweli, hata mimi ya kwangu naiacha. Na wenye kompyuta za Mac wameshazoea, dirisha linafungwa programu inabaki mpaka ubonyeze Command na Q, ila kule kwa kawaida kuna kidoti chini ya alama ya programu kinakwambia bado ipo. Huku kwetu kwenye Windows alama yenyewe imefichwa nyuma ya kimshale, mteja wa kawaida atajuaje?

Bado bando. Kuna siku programu ya kuhifadhi picha mtandaoni ilibaki hivyohivyo, ikapandisha picha za mteja usiku kucha, asubuhi nakuta bando la wiki limekata na foleni ya watu mlangoni.

Mwenye shida kama yangu abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ataona kila kinachoendelea na anaweza kukizima. Chrome nayo ina setingi ya kuiruhusu iendelee kufanya kazi hata ukishaifunga, nimeizima kompyuta zote sita. Ila siwezi kumfundisha haya kila anayekuja kuprinti karatasi moja. Vijana wetu mnaotengeneza programu, nawaomba sana, mtu akibonyeza X mara ya kwanza muulizeni: nifunge kabisa au nibaki? Swali moja tu, kwa lugha anayoielewa.

Yule mama nilimpigia, namba nilikuwa nayo kwenye malipo. Akarudi jioni, nikamwonyesha jinsi ya kutoka kwenye akaunti, akawa ananisikiliza huku anatazama ile kona ya chini, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani mwingine kaisoma?"

Mwenye steshenari,
Morogoro