Barua kwa Mama Junior kuhusu ile laki tatu

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Junior,

Salamu nyingi. Simu yako ya juzi imeninyima usingizi, nikaona bora nikuandikie, maana tukiongea tunaishia kulia wote wawili na hesabu haifanyiki.

Umesema ukifika ustawi wa jamii utataja laki tatu za matunzo ya mtoto. Umeitoa wapi hiyo laki tatu? Mimi nilikwenda na hiyo hiyo. Afisa akaniuliza, "Laki tatu ya nini na nini?" Nikabaki naangalia feni. Baba Neema akataja elfu themanini, naye hakuwa na maelezo. Tukarudishwa nyumbani, kila mtu akaandike.

Nikachukua daftari la Neema lililobaki kurasa. Chakula chake elfu nne kwa siku, 120,000 kwa mwezi. Daladala mia mbili kwenda, mia mbili kurudi, na elfu moja ya kula shuleni, kwa siku 22 ni 30,800. Kodi yangu 120,000, nikamhesabia theluthi, 40,000. Luku, maji na dawa za homa 20,000. Nikajiona nimemaliza. Afisa akasoma mpaka chini, akauliza, "Huyu mtoto havai viatu?" Jamani! Sare, viatu, begi na madaftari vinakula kama 180,000 kwa mwaka, kwa hiyo 15,000 kila mwezi. Jumla ikawa 225,800.

Ndipo tukaulizwa vipato. Yeye 700,000, mimi pale saluni 350,000, mwezi ukiwa mzuri. Mafungu matatu basi, yeye abebe mawili: kama 150,000. Ila usije ukasema hiyo ndiyo sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 haina asilimia. Inataka vitazamwe vipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Ndiyo maana yule mtoto wake wa Mbezi naye alihesabiwa. Niliumia, lakini mtoto amekosa nini? Tukashuka hadi 140,000. Na kabla ya sheria hiyo, aliyezaa nje ya ndoa alikuwa anapangiwa kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Hata fungu la mchicha hupati.

Baba Junior wako ni mgumu zaidi, kwa kuwa boda haina karatasi ya mshahara. Usiseme "huyo ana hela" halafu ukanyamaza. Eleza anapeleka hesabu ya shilingi ngapi kwa tajiri kila siku, na kama siku hizi pikipiki ni yake, sema. Na cha kwako kitaje vilevile, hata hela ya vitumbua. Ukificha, ataisema yeye.

Mkikubaliana, atume kwa simu. Wangu alianza kwa kuniletea mkononi, leo elfu ishirini, keshokutwa kumi, mwisho wa mwezi yeye anadai amemaliza na mimi sina pa kuonyesha. Sasa meseji zote ninazo. Akikaidi kabisa, njia iliyobaki ni kupeleka maombi mahakamani, na hapo hilo daftari utalihitaji tena.

Anza kuandika kesho asubuhi, hata andazi la mia mbili. Jumapili nipo nyumbani kuanzia saa nane, njoo nalo tulipitie, na Junior mlete acheze na mwenzake. Viatu viandike kwanza.

Shoga yako,
Mama Neema