Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: herufi za jina la marehemu baba yetu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: FAILI LA MAREHEMU BABA YETU, ASKARI MSTAAFU WA JWTZ

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunajua una majukumu mengi, hasa kipindi hiki cha maadhimisho ya Siku ya Mashujaa. Hotuba yako ya Julai 25 tuliisikia yote. Ulitaja Kyaka, ukataja Masaka, ukasema waliokwenda vita vya Kagera hawatasahaulika. Makofi yalipigwa. Wiki hiyohiyo faili la mmoja wa hao waliokwenda likarudishwa mikononi mwa mjane wake kutoka masjala ya jengo lako, na kikaratasi kimebanwa kwa pini: "Majina yanatofautiana." Basi. Hakuna maelezo ya kinachotakiwa, hakuna saini, wala jina la aliyeandika.

Tofauti yenyewe ni hii. Cheti cha kifo kinasema Athumani. Hati ya kustaafu jeshi inasema Asumani. Jina la tatu kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA ni la ukoo, jeshini ni la babu yake. Mtu yeyote aliyewahi kushika makaratasi ya askari wa miaka ile anaijua sababu bila kuuliza: karani wa usaili aliandika alichosikia, na kuruta hakuwa na ubavu wa kumsahihisha karani tahajia. Kama kikosi kilikuwa na watu wawili wa jina moja, mmoja aliongezewa jina la babu ili wasichanganywe kwenye mshahara. Jina hilo ndilo lililomfuata hadi anastaafu.

Kwa kuwa sasa anasomeka kwenu kama tatizo la tahajia, turuhusu tukukumbushe ni nani huyo. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, baba alikuwa tayari askari wa mota, mzinga mdogo wa kurusha makombora. Mota ya milimita 82 hutembea ikiwa vipande vitatu: mtutu, miguu na bamba la chini. Yeye alipewa bamba. Kutoka Mutukula mpakani kwenda Masaka, Uganda, sehemu kubwa ya jeshi ilikwenda kwa miguu, na bamba la chuma halina namna ya kubebwa likakaa vizuri. Ukilihamisha bega, bega lingine linaanza kulalamika. Bega lake la kulia lilibaki limeshuka maisha yake yote, hata shati jipya lilimkaa upande.

Alipoulizwa kuhusu mapigano ya Lukaya, Uganda, Machi 1979, hakusimulia ushujaa. Alieleza kazi. Barabara pale inapita katikati ya mafunjo, ardhi ni laini, kwa hiyo kila kombora likitoka bamba linazama, na likizama shabaha inahama. Dawa yake ni kulichimbua, kulaza mafunjo makavu chini yake, kukandamiza, kupima upya, ndipo upige tena. Akiikosea hatua ya kupima, kombora linaangukia wenzake walio mbele. Alikuwa mtu wa kupima upya, jeshini na nyumbani. Komeo la banda alilikagua hata kama umemwambia umelifunga.

Ndiyo maana hatukubali kuambiwa kwamba makaratasi "hayako sawa" kwa uzembe wa familia. Yote yalikuwa ndani ya sanduku la bati, kwenye mfuko wa nailoni, yamepangwa kwa tarehe. Hakuna lililopigwa laminesheni, maana alijua likishapigwa baadhi ya ofisi hazilipokei. Nakala zimethibitishwa, picha zina muhuri wa mtendaji wa kijiji nusu juu ya picha nusu juu ya barua, kama inavyotakiwa.

Tunachodai si zawadi. Baba alipougua, uhakiki wa wastaafu ulimkuta kitandani. Uhakiki unataka mstaafu afike mwenyewe na nyaraka halisi. Hakufika kwa kuwa hakuweza kukaa, na jina likaondolewa kwenye malipo. Pensheni ya miezi ile ya mwisho, iliyokuwa inunue dawa, haikuingia benki. Ameshakufa, malimbikizo bado ni yake, na yanapitia kwenye mirathi. Mama amemaliza kuuza mbuzi. Sasa anauza kuni.

Hapo ndipo tulipoingia kwenye mduara, na tunaomba uusome taratibu, maana ukisomwa haraka unafanana na utaratibu. Kifo tulikiripoti ndani ya siku 30. Alifia nyumbani, hivyo taarifa ilitokana na barua ya mtendaji wa kijiji, ambaye alimwandika kwa jina analojulikana kijijini. Kikao cha ukoo kikakaa, muhtasari ukasainiwa na wote pamoja na mjane, tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Pale dirishani tukaambiwa maombi hayapokelewi mpaka cheti cha kifo kirekebishwe. Tukaja kwa msajili wa vizazi na vifo, ambaye yumo ndani ya jengo lako. Akasema mwenye haki ya kuomba marekebisho ni msimamizi wa mirathi. Na msimamizi huteuliwa na nani? Na mahakama. Tumeapa hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Mahakama ikasema inamfaa msajili, msajili akasema inaifaa mahakama.

Mheshimiwa, msimamizi akiteuliwa, sheria inampa miezi minne kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu zake. Miezi minne, akichelewa anaitwa. Ofisi yenye faili haina ukomo.

Mlango wa kutokea upo, tena mwembamba tu. Askari ana namba ya jeshi. Karani hukosea herufi, lakini namba ya baba ni ileile kwenye hati ya kustaafu, kwenye kitambulisho cha mstaafu na kwenye stakabadhi za pensheni. Ipitie namba, siyo herufi. Mshauri wa Mgambo wa wilaya ni mwanajeshi, yuko chini ya paa lako, na kuuliza jeshini namba fulani ni ya nani ni jambo la barua moja. Akijibiwa, wewe unaandika barua ya utambulisho yenye namba hiyo na majina yote mawili, katikati pakiandikwa "ambaye pia anajulikana kama". Mahakama ikiipokea, barua ya usimamizi itabeba majina yote mawili, na huko mbele hakuna atakayeuliza tena.

Pale makaburini, mbele ya wawakilishi wa kikosi, ulisema faili la mzee utalisimamia mwenyewe. Tulikuamini, na kwa heshima ya kiti chako tunaendelea kukuamini, ingawa inaelekea faili halikuambiwa.

Tungeweza kuomba na mengine. Wapo wastaafu wawili kitongoji cha jirani ambao hawatoki kitandani, na uhakiki mwingine ukija yatawakuta yaleyale wasipofuatwa majumbani. Hilo nalo tunaliomba. Lakini tusichanganye mambo, litasemwa tumeleta maombi mengi halafu lisifanyike hata moja. Tunaomba barua. Barua moja ya utambulisho, yenye namba ya jeshi, majina yote mawili, saini yako na muhuri. Mama atakuwa kwenye benchi la masjala Jumatatu saa mbili asubuhi. Nakala zote atakuwa nazo.

Wako watiifu,
Familia ya marehemu

Nakala: Katibu Tawala wa Wilaya
Mshauri wa Mgambo wa Wilaya