Malalamiko kuhusu safari ya Nizwa: makumbusho, chakula na malazi tuliyolipia bila kuyapata

Mombasa

Kwa Meneja Mkuu wa kampuni iliyotuandalia safari ya Oman

Bwana/Bi,

KUH: UVUNJAJI WA RATIBA YA SAFARI YA NIZWA NA OMBI LA KUREJESHEWA FEDHA

Ninakuandikia kwa niaba ya wasafiri wa kikundi chetu cha Mji wa Kale, wengi wao wazee waliostaafu na wachache vijana wa sekondari, ambao kampuni yenu iliwapeleka Nizwa, Oman, mwezi wa Januari uliopita. Tangu turudi nimekuwa nikipiga simu katika ofisi yenu, na kila mara karani wa huduma kwa wateja amenijibu kwa upole kwamba hakuna kilichoharibika, kwa kuwa tulilala katika hoteli ya hadhi ya juu kuliko ile tuliyolipia, tukala bafe bila kipimo na tukarudi salama. Jibu hilo limenisikitisha kuliko makosa yenyewe, kwa maana linaonyesha kwamba ofisi yenu bado haijafahamu wateja wake walinunua nini.

Tulichonunua kimeandikwa katika ratiba iliyotiwa sahihi na pande zote mbili, ambayo nakala yake nimeiambatisha. Inasema kwamba tutalala katika mtaa wa kale wa Al-Aqr, chini ya ngome ya Nizwa, ambako wenyeji wamekarabati nyumba za udongo za wazee wao na kuzifanya nyumba za wageni. Kwamba chakula cha jioni kitakuwa cha Oman ya bara, kilichopikwa na wenyeji, ikiwemo shuwa, yaani nyama ya kuokwa shimoni. Kwamba asubuhi ya Ijumaa tutakuwa sokoni wakati wa mnada wa mbuzi. Na kwamba siku moja nzima itatengwa kwa makumbusho, asubuhi katika yale makumbusho makubwa ya historia ya Oman yaliyoko Manah, karibu na Nizwa, na alasiri ndani ya ngome yenyewe pamoja na mwelekezi anayeijua historia yake. Bei yenu ilikuwa juu ya bei za kampuni nyingine tulizoziuliza, na tuliikubali kwa sababu ya maelezo hayo. Wapo wazee waliodunduiza fedha hizo kwa muda mrefu.

Kuhusu malazi sitasema mengi. Basi lilipotoka Muscat halikuingia mji wa kale, bali lilitushusha katika hoteli ya mapumziko iliyoko nje ya mji, kando ya barabara kuu, yenye bustani na kidimbwi cha kuogelea. Vyumba vilikuwa visafi na wafanyakazi walikuwa na adabu, na wao siwalaumu kwa lolote. Hata hivyo, wazee wetu walikuwa wamenuia kutoka alfajiri kwa miguu kwenda msikitini, kukaa barazani na kuzungumza na majirani, na kutoka hotelini hadi Al-Aqr hapatembeki. Kila aliyetaka kwenda mjini ilimbidi aite teksi na ailipie mwenyewe. Saa maalumu za wanawake za kuogelea, ambazo zimeandikwa katika ratiba, hazikuwahi kupangwa, na mwelekezi wenu alipoulizwa alisema ndiyo kwanza anasikia habari hiyo. Hapakuwa na mtu aliyetupigia simu kabla ya safari kututaarifu kwamba malazi yamebadilishwa, wala aliyetuuliza kama tunaridhia.

Chakula kilituumiza zaidi. Jioni zote tulipelekwa kwenye bafe ileile ya hoteli, yenye tambi, piza, kuku wa mchuzi wa Kihindi, na meza moja iliyowekewa kibao cha chakula cha Kiarabu. Juu ya meza hiyo palikuwa na hamasi, tabuleh na majani ya mzabibu yaliyoviringiwa wali, ambavyo ni vyakula vizuri vya Lebanoni na Shamu, lakini si vya Nizwa. Mji huu una mapishi yake. Shuwa ni nyama iliyolowekwa viungo, ikafungwa kwa majani ya mgomba au ya mtende, ikazikwa katika tanuri la shimo ardhini na kuachwa humo usiku kucha au hata zaidi, mpaka inachambuka yenyewe mfupani. Ni kazi ya ukoo mzima au mtaa mzima, hasa wakati wa Idi, na kwa hiyo haiwezi kutokea mezani bila mtu kuiagiza mapema. Mlituandikia kwamba imeshaagizwa. Nilipomuuliza mpishi wa hoteli, aliniambia waziwazi kwamba hakupokea agizo lolote.

Wapo watakaoona kwamba hili ni jambo la tumbo tu, na kwamba aliyeshiba hana haki ya kulalamika. Sisi watu wa Pwani hatuwezi kulichukulia hivyo. Bokoboko tunalopika kwa ngano na nyama lina ndugu yake Oman, nayo ni harisi; mishkaki ya Mombasa na ya Muscat ni kitu kimoja; papa mkavu anayeuzwa katika masoko yetu huliwa kule pia, hata bara mbali na bahari; na halua ya Mombasa, pamoja na kahawa chungu inayofuata nyuma yake, ilikuja na majahazi yaliyoletwa na upepo wa kaskazi. Mabibi waliokuwa katika kikundi chetu ni wapishi wa arusi wenye sifa katika mitaa yao. Walikwenda kuonja, kulinganisha na kuuliza, na kijana mmoja alikuwa amechukua daftari la kuandikia majibu. Daftari hilo limerudi tupu, isipokuwa ukurasa mmoja.

Ukurasa huo una maelezo ya muuza halua mmoja wa soko la Nizwa. Tulimkuta Ijumaa, baada ya basi kutufikisha sokoni mnada wa mbuzi ukiwa umekwisha na watu wakitawanyika kujiandaa kwa sala. Mnada huo huanza asubuhi mapema, wauzaji wakiwazungusha wanyama wao mbele ya wanunuzi waliokaa duara, na hausubiri mtu. Lakini mwelekezi alikuwa ameamua kwamba tumalize kwanza kifungua kinywa cha hoteli. Basi tukaingia dukani kwa mzee huyo, na aliposikia mazungumzo yetu alitujibu kwa Kiswahili safi cha Unguja. Alizaliwa huko, akaondoka akiwa mtoto baada ya Mapinduzi ya 1964. Alitukaribisha tukae, akatumiminia kahawa, akamwita mkubwa wa msafara wetu "Bibi," na akaanza kumweleza jinsi halua inavyokorogwa kwa saa nyingi bila mkono kupumzika, lini hutiwa samli, lini hutiwa zafarani na maji ya waridi yanayotoka mlima wa Jebel Akhdar. Yule kijana alikuwa akiandika mbio. Nje, dereva wenu alipiga honi, akapiga tena, kisha mwelekezi akaingia dukani bila salamu na kusema kwamba asiyetoka sasa atabaki. Bibi yetu aliinuka, kahawa iko nusu kikombeni, akimwomba mwenyeji wake radhi. Naomba, Bwana Meneja, uifikirie aibu hiyo. Katika safari nzima, hapo ndipo tulipoanza kupata kile tulichokilipia, nacho tukakipata kwa bahati yetu wenyewe, na kampuni yenu ndiyo iliyokikatiza.

Sasa nije kwenye makumbusho, ambayo ndiyo shina la barua hii.

Makumbusho ya Manah si jengo la kupita tu. Jiwe lake la msingi liliwekwa na Sultani Qaboos mwaka wa 2015, na Sultani Haitham akayafungua mwezi wa Machi 2023. Kuta zake zimeinamishwa na kukatwa pembe kama vilele vya milima ya Hajar inayoonekana nyuma yake, na ndani yake mgeni huongozwa kutoka kwa wakazi wa kale kabisa wa nchi ile, apitie zama za Magan, Oman ya kale, na biashara yake ya shaba, mabaharia, Uislamu, Maimamu waliotawala wa ukoo wa Ya'rubi na watawala wa ukoo wa Al Busaidi, hadi kufikia Oman ya tangu 1970. Anayetoka Afrika Mashariki hawezi kuzitazama zama za Ya'rubi na Busaidi kama historia ya watu wengine, kwa sababu ni humo ambamo Mombasa na Zanzibar zimo. Tuliomba asubuhi nzima kwa ajili hiyo.

Siku hiyo basi lilichelewa kuondoka kwa kuwa dereva alikuwa ametumwa kukipeleka kikundi kingine uwanja wa ndege. Lilipoondoka halikwenda Manah moja kwa moja, bali lilisimama katika duka la manukato na zawadi ambalo halimo katika ratiba, na hapo tuliwekwa muda mrefu kuliko muda tuliopewa baadaye kwenye makumbusho. Tulipofika Manah alasiri ilikuwa imeingia, na mwelekezi akatangaza kwamba tuna dakika 40. Kuna mama mmoja miongoni mwetu, mwenye zaidi ya miaka 70, anayetembea kwa mkongojo na kusoma kila maelezo mpaka mwisho, maana alikuwa mwalimu maisha yake yote. Alipoitwa arudi kwenye basi alikuwa bado katika sehemu ya zana za mawe. Hakuuona ukumbi wa Ya'rubi hata kwa mbali, na kwa umri wake na hali ya miguu yake sidhani kama atapata safari nyingine.

Kwenye ngome ya Nizwa tulifika jua likielekea kuzama. Hapo, mbele ya vijana wetu, mwelekezi mliyemlipa kwa fedha zetu alisema kwamba mnara ule mkubwa wa mviringo ulijengwa na Wareno. Siwezi kulinyamazia jambo hili. Ngome ile ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa Ya'rubi, katika kazi inayosimuliwa kuwa ilichukua miaka 12, na huyo ndiye aliyewatoa Wareno Muscat mwaka wa 1650. Mwanawe, Imamu Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu hapa Mombasa tangu 1696 na kuiteka Desemba 1698. Kwa hiyo vijana wanaoishi mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu, ambayo kweli ilijengwa na Wareno, na ambayo ndani yake imo Nyumba ya Waomani wanayoitembelea na walimu wao, walisafirishwa mpaka Nizwa kuambiwa kwamba baba wa aliyewashinda Wareno hakuijenga ngome yake mwenyewe. Mama yule mwalimu alijaribu kusahihisha kwa adabu, naye akajibiwa kwamba hakuna muda wa mjadala. Ghala la tende lenye mifereji sakafuni ya kukusanyia asali yake tulilipita bila kuelezwa. Vivyo hivyo matundu yaliyo juu ya ngazi, ambamo walinzi waliwamwagia maadui asali ya tende iliyochemka, hayakutajwa kabisa. Vijana waliyagundua wenyewe kwa kusoma vibao, wakaturudia mbio kutueleza.

Karani wenu ameniambia kwamba masharti ya kampuni yanaruhusu mabadiliko "pale inapobidi." Nimeyasoma masharti hayo. Yanazungumzia hali ya hewa, ugonjwa, kufungwa kwa barabara na amri ya serikali. Hapakuwa na lolote kati ya hayo: anga lilikuwa safi, barabara zilipitika, makumbusho yalikuwa wazi na nyumba za wageni za Al-Aqr zilikuwa zikipokea watu. Dereva kutumwa kazi ya kikundi kingine, duka lisilo katika ratiba, na hoteli ambayo huenda iliwapa nyinyi bei nafuu zaidi, yote ni maamuzi ya ofisi yenu, na gharama yake haiwezi kubebwa na mteja. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake.

Kwa hiyo tunaomba mturejeshee tofauti ya bei kati ya malazi na milo tuliyoahidiwa na ile tuliyopewa, pamoja na fedha zote mlizotoza kwa siku ya makumbusho na kwa huduma ya mwelekezi, na nauli za teksi ambazo risiti zake zimo katika kiambatisho. Tunaomba pia mama yule mwalimu aandikiwe barua ya radhi na kampuni, kwa jina lake, kwa namna alivyojibiwa ndani ya ngome. Na kwa kuwa tangazo lenu bado linaonyesha picha za Al-Aqr na za sinia la shuwa, tunataka liondolewe au lirekebishwe kabla hamjachukua malipo ya kikundi kingine. Nimesikia kwamba wapo watu wa Lamu na Malindi wanaojiandaa kusafiri nanyi, na sitakaa kimya wakiniuliza.

Tutasubiri jibu lenu la maandishi kwa muda wa siku 21 tangu mtakapoipokea barua hii. Muda huo ukipita bila jibu, tutawasilisha malalamiko haya, pamoja na ratiba na risiti, kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na tutatafuta ushauri wa wakili chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

Wako mwaminifu,

Mratibu wa msafara, kwa niaba ya wasafiri wote waliotia sahihi kiambatisho

Viambatisho: nakala ya ratiba iliyotiwa sahihi, risiti za malipo, risiti za teksi, orodha ya wasafiri na sahihi zao