Gibe III: kontrakta asijifiche nyuma ya serikali

Mhariri,

Siku hizi ukitaja Gibe III, lile bwawa la umeme la Ethiopia kwenye Mto Omo unaoishia Ziwa Turkana, kuna watu wanakucheka, si mlisema Ziwa Turkana litakauka, mbona limejaa mpaka limemeza nyumba za watu? Sawa, limejaa, hakuna anayebisha, mvua za kuanzia 2019 zimejaza Baringo, Naivasha, karibu maziwa yote ya Bonde la Ufa. Lakini hiyo mvua haikuletwa na kontrakta.

Watu wanasahau haraka sana. Bwawa lilianza kujazwa 2015, na kufikia 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walisema ziwa limeshuka kama mita 1.5, na pale Ferguson's Gulf, ghuba ya upande wa magharibi wa ziwa, maji yamerudi nyuma hadi kilomita 1.7. Hapo ni maji ya kina kifupi, ndipo ngege (tilapia) wanazalia, na mvuvi asiye na mashua ya injini ndipo anapata riziki.

Tena shida si ujazo wa maji peke yake. Mto Omo unaleta zaidi ya 80% ya maji yanayoingia ziwani, na zamani ulikuwa unafurika kila mwaka miezi kadhaa, tope linakuja na chakula cha samaki, samaki wanazaa, hata wakulima wa mtama kule chini Ethiopia walikuwa wanangojea hayo mafuriko ndio wapande. Kwenye ripoti ya mazingira ya mradi tuliahidiwa mafuriko ya kupangwa, yaani bwawa lifungulie maji kwa makusudi, siku kumi kwa mwaka. Siku kumi! Na ripoti yenyewe ilitoka wakati ujenzi ushaanza tangu 2006.

Sasa uliza nani awajibike, hapo ndio utachoka. Salini wa Italia, siku hizi wanaitwa Webuild, walipewa kazi bila tenda ya ushindani, mitambo ikatoka Dongfang ya China kwa mkopo wa benki ya ICBC ya huko huko China, huku Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ikikaa kando. Makontrakta wa aina hii wimbo wao ni mmoja tu, sisi tunajenga, mengine ulizeni serikali. Mimi sikubali. Ulilipwa kuziba mto na ramani ilikuonyesha unaishia nchi nyingine, basi wavuvi wa huku pia ni hesabu yako.

Na serikali yetu nayo isijitoe. Novemba 2022 tulianza kununua megawati 200 za stima kutoka Ethiopia, laini inakuja mpaka Suswa, na mnunuzi ana sauti jamani, ilikuwa vigumu gani kuweka kwenye mkataba kwamba tuambiwe mapema maji yanafunguliwa lini na kiasi gani? UNESCO waliziweka hifadhi za taifa za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini 2018, sisi huku tunahesabu megawati.

Nauliza haya sasa kwa sababu Koysha inakuja, bwawa lingine kubwa kwenye Omo hiyo hiyo, kampuni ni ile ile. Kabla halijaanza kujazwa Webuild na Addis Ababa waje huku ziwani, Kalokol na Ileret, walete ratiba ya maji kwa maandishi, isomwe redioni kwa Kiturkana na Kidaasanach, na iandikwe nani atalipa ngege wakikosa pa kuzalia tena.

Msomaji wako,
Lodwar