Barua ya Wazi kwa Vijana Mafundi wa Kisumu, Kisii na Kakamega

Wanangu mnaojifunza ufundi Kibuye, Tabaka, Isukha na kwingineko,

Nawasalimu kwa heshima. Ninawaandikia kwa sababu kuna swali ambalo nimelisikia mara nyingi vinywani mwenu, nalo limenikaa moyoni: ikiwa mashine zinazoongozwa na akili mnemba zitafika hatua ya kutengeneza kila kitu, kwa wingi na kwa bei inayokaribia bure, kijana ana haja gani ya kukaa miaka mingi akijifunza kushika patasi? Anayeuliza hivyo si mvivu, na anastahili jibu la mtu mzima.

Mwaka 1930, dunia ikiwa imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi, mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliandika kwamba baada ya miaka mia moja tatizo la riziki lingekaribia kutatuliwa, na kwamba saa 15 za kazi kwa wiki zingetosha. Miaka hiyo mia inatimia 2030, na sote tunajua kwamba saa za kazi hazikupungua kiasi hicho, wala wingi huo haujabisha hodi katika mitaa yetu ya Nyalenda na Manyatta. Lakini Keynes aliongeza neno ambalo wengi hulipita. Alihofu kwamba binadamu, ambaye tangu mwanzo amezoea kupambana na uhaba, angekosa la kufanya na maisha yake siku uhaba utakapoondoka. Naamini hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu siwezi kuwashauri mwache ufundi.

Hata hivyo, si kila kazi ya mkono inastahili kuombolezwa. Vitu vingi tulivyotengeneza chini ya jua kali vilizaliwa na ukosefu. Koroboi ilitokana na mkebe mtupu kwa sababu umeme haukuwepo, na viatu vya akala vilikatwa kwenye tairi kuukuu kwa sababu vya dukani vilikuwa ghali. Taa za sola zilipofika vijijini, koroboi ilianza kutoweka, na mama aliyevuta moshi wake usiku baada ya usiku hana sababu ya kuililia. Nami siililii. Kazi ambayo thamani yake yote ilitoka kwenye shida itaondoka pamoja na shida hiyo, na tuiache iende.

Wapo waliokwisha kupita katika njia hii kabla yetu. Siku ya Krismasi mwaka 1969, kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkono iliyotumia kwatzi, yaani fuwele inayotetemeshwa na umeme wa betri, iliyoshinda kwa usahihi saa za springi. Kati ya mwaka 1970 na katikati ya miaka ya 1980, wafanyakazi wa viwanda vya saa nchini Uswisi walipungua kutoka takriban 90,000 hadi karibu 30,000. Leo simu ya bei nafuu inaonyesha wakati vizuri kuliko saa ya springi ya kitajiri, na bado saa za springi ndizo zinazoiletea Uswisi sehemu kubwa ya fedha za saa inazouza nje. Msiichukue nusu ya habari hii mkaiacha nusu. Ufundi ulisalimika, ila familia nyingi ziliumia, na yeyote anayewaahidi kwamba kila fundi atapata mkate wake katika dunia ya mashine anawadanganya.

Basi ni kazi ipi itakayobaki? Tazameni Tabaka kule Kisii, kwa wachongaji wa jiwe la sabuni. Jiwe huchimbwa kwa sururu na jembe, huloweshwa ili liwe rahisi kuchongwa, hukatwa kwa panga na kutiwa umbo kwa kisu. Kisha akina mama hulipiga msasa kwa maji, kuanzia msasa unaokwaruza hadi ulio laini, na mwisho hung'arishwa kwa nta. Kazi hiyo yote hufanyika, halafu mfanyabiashara anaagiza mamia ya sanamu za kiboko zinazofanana, kwa bei ambayo mchongaji hawezi kulipia karo ya mtoto. Agizo la namna hiyo linautaka mkono uwe mashine, na mashine halisi itakapokuja kushindana nanyi hapo, itawashinda asubuhi ya siku ya kwanza. Lakini jiwe la vilima hivyo hivyo lilimlea Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege imesimama katika makao makuu ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, mjini Paris. Watu huitazama wakijua kwamba kuna mtu aliyefikiri, akachagua, akaacha lililomfaa kuacha.

Hata vitu vikijaa hadi vikose pa kuwekwa, siku za mtu hazitaongezeka. Saa ambazo fundi alizitumia akimfikiria mtu fulani haziwezi kurudufiwa, na kwa hiyo zitazidi kuwa adimu kadiri vitu vinavyozidi kuwa vingi. Mzee akikuagiza kigoda, nenda kwake umwone anavyoketi na anavyonyanyuka, umuulize goti lipi humsumbua, ndipo ukate miguu ya kigoda. Bibi harusi akitaka chungu cha kupeleka kwake, mfinyanzi na aulize nyumba hiyo hupika nini. Maarifa ya aina hii hujengwa kwa kukaa na watu, na sioni njia ya mkato ya kuyapata. Yaliyobaki, kama kupasua magogo na kulainisha mbao za dari, yaachieni mashine bila kuona haya. Hakuna heshima katika kuumiza mgongo kwa kazi isiyomhitaji mtu. Ila msiuze cha mashine mkasema ni cha mkono. Mteja akishadanganywa mara moja, fundi mwaminifu wa jirani ndiye atakayelipa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni urithi wa ufundi wenyewe. Mwaka 2014, UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zake hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba waijuao wengi wamezeeka bila warithi, na vifaa vya kuziundia ngoma hizo vimekuwa shida kupatikana. Mashine inaweza kutoa mlio wa isukuti leo hii, lakini haiwezi kumlea mvulana wa Shinyalu akajua ngoma ipi huanza msibani. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, yaani asipofua chuma, husukuma mivukuto. Nanyi ambao bado hamjui kusana, kavukuteni. Shule zikifungwa Desemba, nendeni kwa wazee waundao ngoma, kwa waundaji wa nyatiti, ala ya Waluo ya nyuzi nane, kwa wasusi wa mafunjo pale Dunga. Wabebeeni magogo, wachoteeni maji, na msiulize malipo wiki ya kwanza. Na ninyi wenye karakana zenu tayari, kila mmoja achukue mwanagenzi kabla mwaka haujaisha, amlishe mchana, na amwachie kipande kimoja cha kazi kila juma akifanye kwa jina lake mwenyewe.

Ni mimi mzee wenu,
Kisumu