Alama za wiki hii: 7 imefutwa

Wanakikundi, habari za jioni. Wiki hii tunatoa alama za filamu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), mwisho Jumapili saa 3 usiku.

Andika jina, mwaka, alama kati ya 10 na sababu moja. Kwa tamthilia ongeza msimu na sehemu uliyofikia, kwani msimu wa alama 9 huweza kufuatwa na wa alama 5. Ukiishia njiani usitoe alama. Sema umeachia dakika ya ngapi na kwa nini.

Tatizo letu ni 7. Kila mtu akikimbilia huko, wastani hautuambii kitu. Chagua 6 au 8.

Mliosoma riwaya ya Adam Shafi iliyozaa filamu hii, pimeni filamu yenyewe: picha, sauti, uigizaji. Kwamba sura fulani imerukwa si hoja, labda kama hadithi imepwaya kwa sababu hiyo.

Anayefichua mwisho aanze na ONYO, kisha mistari mitupu kama 10, maana maneno ya mwanzo huonekana kwenye arifa kabla mtu hajafungua.

Na ujumbe wa sauti wa dakika 4, jamani, hapana.